Magunia Mia ya Msamaha

Kap! Kap! Kap!

Ukipanda ngazi juu ya duka la dawa za mifugo, pale Eldoret, ulisikia muhuri kabla ya kumwona mwenyewe. Phineas aligonga karatasi tupu ili ofisi isikike ina kazi. Mlangoni pameandikwa: SHIRIKA LA TUMAINI LA WAJANE. Mjane hata mmoja hakumjua.

Akaingia Mzee Kigen, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Moi's Bridge, akiilaani kodi.

"Dawa ni sadaka, Mzee. Ukitupa sisi, unachotoa kinakatwa kwenye mapato kabla hujatozwa kodi. Tuna cheti cha msamaha."

"Msamaha wa Mungu ama wa serikali?"

"Wote, Mzee. Risiti moja."

"Pesa sina. Niko na gunia mia za mahindi."

"Tuandike mia mbili." Kichwani Phineas alikuwa ameshayauza.

"Andika pia umekagua, yako sawa."

Kap!

Na muhuri, ndugu msomaji, ni kama mate: ukishatema, humezi tena.

Asubuhi iliyofuata lori lilifika, na nyuma yake wimbo: wajane arobaini kutoka kijiji cha Ziwa, mbele yao Mama Jeruto, mwenyekiti wao.

"Sadaka haipokelewi kimya," Kigen alisema. "Nimewaita waiombee."

Wakati wa maombi Phineas alizamisha mkono guniani. Juu mahindi, chini magunzi matupu. Akajaribu la pili. Magunzi.

Akamvuta Kigen kando. "Mzee, ni nini hii?"

"Si ni mahindi uliyokagua?"

"Rudi nayo! Hata hicho cheti cha msamaha hakipo."

Kigen aliitazama risiti yake. "Kumbe tumeuziana magunzi."

"Amina!" Mama Jeruto alifunga maombi, akainua simu. "Risiti ya Mzee nimepiga picha. Gunia mia mbili, na chifu ni kaka yangu. Haya, shusheni tugawane!"

Phineas aliruka juu ya magunia, akayakalia. "Ngoja, Mama! Haya tunapeleka kwa kinu kwanza. Mtapata unga."

"Lini?"

Kigen tayari alikuwa ananyemelea mlango wa lori.

"Ijumaa, Mama Jeruto," Phineas akapaza sauti, wajane wote wageuke. "Gunia mia mbili: mia moja zangu, mia moja za Mzee Kigen. Nimeahidi, mbele ya Mungu na mbele ya serikali!"