Uzinduzi wa Bomba la Kunawia Mikono

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi, mheshimiwa mwenyekiti wa kamati ya maandalizi, ambaye pia ni mimi, maana mwenyekiti amepata udhuru, mkuu wa shule na menejimenti yako, walimu wa zamu na mliolazimishwa, matroni wetu, wazazi mlioketi na wazazi mliokosa viti, wanafunzi wote, pamoja na wale thelathini na wanane wa kidato cha nne waliolazwa zahanati kwa kuhara, ambao kitakwimu tunawahesabu kuwa wapo, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa mpaka imechoka. (Makofi ya walimu.)

Ninasimama mbele yenu nikiwa Mratibu Mkuu Msaidizi wa Programu Shirikishi ya Usafi wa Mikono, cheo ambacho hata mke wangu hawezi kukitaja bila kuvuta pumzi katikati, kuwajulisha kwamba utafiti wa kina, nilioufanya mwenyewe kutoka ndani ya gari vioo vikiwa juu, umebaini kwamba asilimia mia moja ya wanafunzi hawa wana mikono, na hiyo, ndugu wadau, ni fursa. (Vicheko.) Chini ya uongozi wangu tumefanya semina tatu, warsha nne, na kongamano la kutathmini warsha, tukaafikiana kwa kauli moja kwamba mtu akitoka chooni anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, na kabla ya kula anawe tena, jambo ambalo mama yangu alinifundisha bure nikiwa na miaka mitatu. Tumegawa fulana mia sita zilizoandikwa "NAWA". Sabuni tutaileta katika awamu ya pili, mchakato ukikamilika.

(Sauti ya matroni: "Baba, watoto wanachota kisimani, hapo chini ya vyoo! Mtihani ni Jumatatu!")

Swali zuri sana, mama, na swali zuri halijibiwi kwa pupa.

(Matroni: "Na binti yako ni mmoja wa hao waliolazwa!")

Ndiyo. Ni mmoja wao. Jana nilikwenda kumwona, akaniuliza, "Baba, bomba limefika?" Nikamjibu kwa lugha ya ripoti, nikamwambia liko katika hatua za mwisho za utekelezaji. Akageukia ukutani. Mimi, niliyehutubia makongamano, niliinama nikamfunika shuka mtoto wa kidato cha nne, na niliona aibu, tena aibu kweli.

Lakini tusiharibu ratiba. Nikisema "Mikono safi", itikieni "Matumbo salama". Mikono safi! (Matumbo salama!) Mikono safi! (Matumbo salama!) Maji yatiririke! (Wapi?)

Kwa kuhitimisha, nawashukuru wazazi kwa subira, na fundi ambaye hatukuwahi kumwita. Shukrani za pekee zimwendee mkuu wa shule kwa simu yetu ya mwezi wa tatu, pale nilipomuuliza, "Mkuu, vipi huko shuleni?" naye, kwa ukarimu wake, akajibu, "Bomba, mheshimiwa!" Nami papo hapo nikajaza fomu: bomba, moja, limefika. (Vicheko. Mkuu wa shule anajifunika uso.) Ripoti ikapitishwa, nikapewa cheti, nacho nimekitundika sebuleni. Utepe huu mnaouona, ndugu zangu, umefungwa kwenye vijiti viwili, na nyuma yake kuna ukuta. Bomba halikuwahi kuwepo. Mradi wenyewe wa bomba haukuwahi kuwepo. Palikuwa na neno tu, nikalisikia nilivyopenda.

Uwekeni chini mkasi wa utepe. Matroni, wapishi wawashe moto, maji yote ya leo yachemshwe kabla mtoto hajanywa, na mimi nionyesheni njia ya kwenda kisimani. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Hakuna makofi. Matroni anamkabidhi ndoo mbili.)