Hesabu za Kufukuzia Nyani

Jumatatu, 1 Julai 1974

Inspekta kaja hapa Mwanda, kaniita kando. Darasa langu la saba likishika mkia tena kwenye mtihani wa majaribio, nahamishwa. Mimi Silvanus! Watoto wangu nimwachie nani? Na wa kwanza atakuwa tena Zephaniah, mwalimu wa ng'ambo ya bonde, yule anayekunja suruali ili soksi zake zionekane. Simpendi.

Jumanne, 2 Julai

Nusu ya darasa haipo. Mahindi yamekomaa, nyani wameshuka, watoto wanalinda mashamba. Nimemwendea Mama Wanza kumwomba binti yake, kichwa cha darasa, arudi shule. Kaniuliza kama nitafukuza nyani mwenyewe. Nimeondoka nimenuna. Njiani nikapata wazo. Wazo zuri ajabu.

Jumatano, 3 Julai

Darasa limehamia shambani. Nyani akichungulia, watoto wote kwa pamoja: tisa mara sita, hamsini na nne! Nyani mbio. Mama Wanza katuletea kimanga cha moto, mihogo iliyopondwa na maharagwe, akasema hajapata kuona mwalimu wa maana kama mimi. Nimekubaliana naye.

Alhamisi, 11 Julai

Hata Reuben, ambaye mbili mara mbili ilikuwa inamtoa jasho, sasa anazimwaga hesabu zote za kuzidisha. Nimefurahi mpaka nikacheza ngoma peke yangu katikati ya mahindi.

Ijumaa, 12 Julai

Mtihani. Tumefanyia kwa Zephaniah, shule zetu mbili ukumbi mmoja, msimamizi yeye. Watoto wangu wakasoma swali, wakabaki kutazama dari. Kumbe bila kelele jibu haliji! Reuben akashindwa kuvumilia, akapaza sauti. Wenzake wakafuata. Nilikuwa dirishani, nikatamani ardhi inimeze. Nilidhani Zephaniah atawanyamazisha. Wapi. Alisema watoto waachwe wajieleze, huku wa kwake wakiandika chapuchapu.

Jumatatu, 22 Julai

Matokeo. Zephaniah wa kwanza. Sisi wa pili, milima yote hii! Sihami. Akina mama wamepiga vigelegele, nimebebwa juujuu hadi kanisani. Raha tupu, mpaka Zephaniah alipopita kunishukuru kwa msaada wangu.

Jumanne, 23 Julai

Dawa yake ninayo. Kuanzia leo tunapaza jibu la uongo, tunaandika la kweli. Saba mara nane, tunapaza hamsini na tatu. Asubuhi nzima tumepaza, nyani hata mmoja hakusogelea shamba. Jioni nimewapima watoto kwa maandishi. Darasa zima limeandika hamsini na tatu, hata Wanza. Mtihani wenyewe ni Novemba. Watazoea.