Andamaini: Uzinduzi wa Mgodi Chini ya Daraja

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Uratibu wa Fursa, ambayo mwenyekiti wake pia ni mimi. Katibu wangu ndugu Mbonile, unayenishikia mwavuli. Wachungaji wa makanisa yote yenye spika. Wazee wa Ibaba mliopata viti na wazee mliokalia magunia ya viazi. Wageni wa Mlowo na Tunduma ambao mngefika kama mngealikwa. Na ninyi wananchi mliokuja kwa sababu mmesikia kuna pilau, nawasalimu kwa jina la maendeleo. (Wananchi: "Pilau liko wapi?")

Tutafika huko. Ndugu wananchi, daraja hili mnaloliona nyuma yangu, ambalo ndilo njia yenu pekee ya kutoka huku milimani kwenda ng'ambo kwenye barabara, soko na zahanati, lilikaguliwa majuzi na Injinia Moses, kijana msomi asiyejua kucheka, akaniletea ripoti ya Kiingereza kwamba nguzo ya kati imekuwa, nanukuu, andamaindi. Mwingine angelikimbia neno hilo. Mimi nililiitishia kikao, nikalichambua kistrateji, kwa visheni na kwa sinaji, yaani kuunganisha nguvu, nikagundua kwamba anda ni chini na maini ni mgodi, kwa hiyo chini ya nguzo ile kuna mgodi, ila injinia kwa haya zake alishindwa kutaja ni wa madini gani. (Makofi, hasa ya Mbonile. Bibi mmoja anauliza kama maini yatagawiwa leo.)

Hapana, bibi. Haya siyo maini ya kukaanga na vitunguu. Wala sikusema andamana, kama alivyosikia yule mgambo wetu, akaja mbio na rungu kumtawanya Mzee Aliko aliyekuwa amesimama peke yake akisubiri mvua ipite. Pole sana, mzee wangu. Neno ni andamaini, hebu tamkeni wote. (Wananchi: "Andamaini." Jiwe kubwa linadondoka mtoni, chubwi.)

Safi. Sasa vijana wetu wamechimba chini ya nguzo ile kwa ari ya asilimia mia na nne, na hadi asubuhi hii wametoa kokoto, wametoa saruji, na wametoa nondo, ndugu zangu, nondo zilizonyooka, jambo linaloonyesha kwamba mgodi wetu unazalisha chuma kilichokwisha kutengenezwa, na sijasikia popote duniani ardhi iliyofikia kiwango hicho bila kiwanda. (Daraja linalia, kwaaa.) Hiyo ni sauti ya uwekezaji, msiangalie kule, angalieni huku kwangu.

Nani huyo anapita mbele? Mbonile ananiambia ni Mama Frida, na huyo anayekokotwa naye ni Frida mwenyewe, ambaye uchungu umemshika tangu alfajiri na anatakiwa zahanati. Mama Frida, salaam. Nakuelewa, lakini hakuna kuvuka mpaka utepe ukatwe, na utepe haukatwi mpaka hotuba iishe, huo ndio utaratibu, na hotuba ina kurasa ambazo bado sijazifungua. Kuhusu uchungu, mama, tunao sote. Hata mimi nina uchungu na nchi hii. (Wanawake wanaguna.)

Anasemaje? Mpeni kipaza sauti, demokrasia ni yetu sote.

(Mama Frida: "Mheshimiwa, daraja linaanguka na mwanangu anajifungua. Tupishe.")

Asante kwa maoni, yamepokelewa na yatafanyiwa kazi katika awamu ya pili, na namwomba Frida naye ajipange kujifungua katika awamu hiyohiyo ili tuende pamoja. Mbonile, mkasi nilikuwa nao mimi, utepe umekatikaje? Ameung'ata? Kwa meno? Mama, rudi. Mama Frida, utepe huo ni nyara ya kamati. (Mama na binti wako darajani.)

Taratibu, jamani. Shika ukingo wa kushoto, mama, huo wa kulia tuliutoa jana kwa ajili ya sampuli. Ninyi vijana mlioko chini, acheni kuchimba, nimesema acheni. Mwinue, mama, mwinue huyo binti. Sikufichi, Mbonile, naogopa. Bado kidogo. Wamefika. Wamefika ng'ambo, Mungu ni mwema. (Vigelegele. Vijana wanaruka kutoka shimoni na kukimbia. Nguzo ya kati inakaa chini, na daraja lote linaifuata.)

Naomba utulivu. Naomba utulivu, tusiwape maadui zetu cha kusema. Mbonile ananionyesha kitu kwenye simu, kamusi ya Kiingereza, nami kwa uwazi nitawasomea. Inasema kwamba kuandamaini ni kudhoofisha. Asili yake ni vita vya zamani za kale, ambapo askari walichimba chini ya ukuta wa ngome ya adui mpaka ukuta ukaanguka wenyewe. Siku hizi hutumika pia kwa mtu anayedhoofisha kazi ya mwenzake polepole. (Mto unasikika.)

Sawa. Kumbe injinia alimaanisha mto ulikuwa umeanza kuila nguzo chini kwa chini. Mto, ndugu wananchi, ulianza bila bajeti, bila kamati, na ungechukua miaka. Sisi tumekamilisha kwa wiki moja. Nani kama sisi? (Mzee Aliko: "Hakuna.") Andamaini oyee! (Wananchi wanamtazama.) Kazi iendelee kuanguka, samahani, kusonga mbele.

Kwa kumalizia, nawashukuru kwa kuhudhuria uzinduzi wa mgodi ambao haujawahi kuwepo, kwenye daraja ambalo nalo halipo tena. Pilau, lile mlilosikia, liko ng'ambo, ndani ya gari langu, na dereva wangu naona ameanza kuwapakia wale akina mama kuelekea zahanati, amefanya vyema. Mimi nitalala huku kwenu mpaka serikali ipate mtumbwi. Nimeulizia nyumba, na nyote mmesema kwenu kumejaa, isipokuwa moja tu yenye nafasi, ambayo ni ya Mama Frida, na ufunguo ameondoka nao.