Panya wa Samli na Panya wa Nazi

Jumatatu, 4 Septemba 1933

Leo nimepata silaha. Sabuni ilikuwa imefungiwa humo. Kipande cha gazeti la Kiingereza, la siku nyingi, kimelowa pembeni. Kiingereza nilijifunza kwenye bahasha, nilipokuwa tarishi wa posta. Anwani nazisoma kama maji. Habari nyingine nahitaji kamusi na asubuhi nzima kwa aya moja. Asubuhi ninazo.

Habari yenyewe ni hii. Madaktari wa Ulaya wamewapaka panya lami mgongoni mpaka wakaota uvimbe wa saratani. Waliolishwa siagi waliota mwingi kuliko wenzao. Siagi! Na samli ni nini, kama si siagi iliyochemshwa? Na nani anauza samli mkabala na duka langu, Mtaa wa Msimbazi? Harshad!

Mimi nauza mafuta ya nazi. Zamani Bi Mwanamize, mjane anayepika vitumbua pale kona, alikuwa akinunua kwangu kila asubuhi. Anakaa kwenye benchi langu, ananipa habari za mtaa mzima, nami natikisa kichwa. Tangu Mei anapikia samli. Wateja wanapenda harufu. Sasa anakaa kwa Harshad. Nawaona wanacheka. Kutoka hapa sisikii wanamcheka nani. Nadhani mimi.

Habari ya lami nitairuka nikisimulia. Haisaidii biashara. Chini kabisa kulikuwa na mistari minne, madaktari wanajihami. Nimeikata kwa mkasi nikaitia ndani ya kamusi.

Nimefunga duka. Nimeingia chumbani, nikatoa salamu. Nikaitikia mwenyewe.

Jumatano, 6 Septemba

Nimekwenda sokoni Kariakoo kuitangaza siri. Nimewaambia watu watatu tu, kila mmoja nikamwapisha asiseme. Wa tatu alikuwa Safari, hamali, ambaye hajawahi kubeba kitu kwa siri. Kabla ya alasiri habari imenirudia dukani, imenenepa: samli imemaliza ukoo mzima Kilwa. Sikumbuki kusema Kilwa. Nimefurahi kuambiwa.

Muuza dagaa mmoja aliniuliza, na nazi je, si mafuta vilevile? Nikamjibu kwamba mnazi hauna damu. Sijui maana yake. Ameridhika kabisa.

Harshad akavuka barabara. Nilitaraji ugomvi, nilikuwa nimejiandaa. Akanishika bega, akaniambia, Azzan bhai, mimi nimelishwa samli kabla ya kuota meno, uvimbe wangu uko wapi? Nikamwambia asubiri. Akacheka mpaka akakohoa. Akanikaribisha chai. Nikakataa kwa heshima. Harufu ya iliki ikanifuata mpaka dukani.

Jumamosi, 9 Septemba

Maneno hayatoshi. Watu wa hapa wanataka kuona kwa macho. Nimetega panya wawili nyuma ya maghala ya nafaka, nimewatia kwenye matundu mawili, nimewaweka mlangoni. Mmoja anakula mkate wa samli. Mwenzake anakula mkate wa mafuta ya nazi, yangu, yale mazuri. Samli ilibidi ninunue kwa Harshad. Alinipimia na ya nyongeza, akasema, mpe panya salamu zangu.

Watu wamejaa. Tangu nifungue duka hili sijawahi kuona watu wengi hivi mlangoni. Hakuna aliyenunua kitu, lakini wamesimama. Nimewaeleza mpaka sauti ikakauka. Walipoondoka nikaendelea kidogo kuwaeleza panya.

Jumanne, 12 Septemba

Balaa! Panya wa samli anang'aa kama kiatu cha bwana shauri. Ananenepa, anajisafisha masharubu, anatazama watu kwa dharau. Panya wa nazi nimemkuta asubuhi chali, miguu juu.

Nikasema alikuja na maradhi yake. Safari akaweka gunia chini ili acheke vizuri. Akasema, Daktari Panya, huyu mgonjwa wako ndiye aliyepona, hana kinachomsumbua tena. Sasa mtaa mzima ni Daktari Panya. Hata muadhini amenisalimu huku ameuma midomo.

Yule wa samli nikamfungulia. Akaenda moja kwa moja kwa Harshad.

Alhamisi, 14 Septemba

Nimeshinda!

Bi Mwanamize amekuja. Hakuita kutoka nje kama mteja. Ameingia, amekaa kwenye benchi. Nilikuwa nimelifuta, nikalifuta tena alipokuwa anakaa, karibu nimfute na yeye. Amesema samli ameiacha, hataigusa tena. Amekaa asubuhi nzima. Hakuzungumza sana. Ameniuliza mara mbili nimwambie tena ile habari ya gazeti, na mara zote mbili amesikiliza kama mtu anayehesabiwa chenji.

Amenunua mafuta mengi kuliko yanayohitajiwa na vitumbua. Sikuuliza ya nini. Mtu hamuulizi mteja aliyerudi.

Nimetazama ng'ambo. Harshad alikuwa peke yake, anajipepea kwa kifuniko cha debe. Nilidhani ningefurahi zaidi.

Jumamosi, 16 Septemba

Leo Bi Mwanamize ameniambia. Nitaandika upesi.

Ana uvimbe kwenye titi la kushoto. Ameuona tangu mwezi wa sita, ulikuwa kama punje ya hindi. Sasa ni kama kokwa ya tende. Alikuwa amemwambia Jashoda tu, mke wa Harshad. Ndiyo sababu alikuwa akikaa kule. Jumatatu hii walipanga waende hospitali pamoja, akapasuliwe. Lakini sasa, amesema, hana haja. Samli ameiacha, uvimbe utakosa chakula utakufa wenyewe. Na mafuta yangu ya nazi anaupaka alfajiri na magharibi, kwa kuwa mnazi hauna damu.

Akasema, Bwana Azzan, umeniepusha na kisu.

Nikamuuliza kwa nini ananiamini mimi na si madaktari. Akasema, wewe huna mtu wa kumdanganya, hata paka huna.

Nikasema alhamdulillahi. Ndilo neno nililolipata.

Jumapili, 17 Septemba

Nimekwenda kwa Polycarp, dresa wa hospitali, aliyepanga chumba nyuma ya kwangu. Nilimkuta anapiga pasi sare yake nyeupe. Nikamuuliza kwa niaba ya rafiki, asiyejulikana. Akasema, huyo rafiki ni Bi Mwanamize, na mimi ndiye niliyemwombea nafasi kwa daktari.

Akaniambia niketi. Akasema hivi: wale panya uvimbe waliupata kwa lami. Siagi labda iliupalilia tu, na hata hilo madaktari wenyewe bado wanabishana. Kumnyima mtu samli leo hakuufuti uvimbe uliokwisha ota. Utachukua mafuta ya mwili wake mwenyewe, yeye atakonda, wenyewe utakua. Nikamuuliza nazi je. Akasema, kwa wali, nzuri sana.

Halafu akaniambia la mwisho. Daktari mpasuaji anapanda meli Jumamosi ijayo, anakwenda likizo kwao. Anayekuja badala yake hatafika kabla ya mwaka mpya.

Akauliza kama gazeti nililisoma mpaka mwisho. Nikasema mwisho ulichanika. Akanitazama kitambo. Pasi ikaunguza kola.

Jumatatu, 18 Septemba

Nimwambie? Nikimwambia, benchi litabaki na mimi. Lazima iwepo njia ya mtu kuokoa na asionekane mwongo.

Nimeipata! Nimemwambia Bi Mwanamize kwamba hospitali wanataka vitumbua, apeleke mwenyewe. Akishaingia tu, Polycarp amshike, amfikishe kwa daktari. Mpango hauna tundu.

Akasema miguu inamuuma. Akampa Safari avipeleke. Safari amerudi na salamu: wauguzi wamevipenda mno, kesho wanataka thelathini.

Jumanne, 19 Septemba

Nimeandika barua, haina jina. Mkono wa kushoto. "Mimi ni rafiki wa kweli. Nenda hospitali kabla ya Jumamosi. Nazi haitibu." Nimeisukuma chini ya mlango wa Bi Mwanamize asubuhi mapema.

Saa tatu akaja nayo dukani. Bi Mwanamize hajui kusoma. Barua zake zote tangu mumewe afe nasoma mimi! Nilisahau. Mtu wa mipango mwenye akili kama yangu, nimesahau!

Nikaisoma kwa sauti. Niliona aibu kuikatiza, nikaisoma yote. Akafikiri. Akauliza, na wewe Bwana Azzan unaonaje?

Hapo ndipo pa kusema. Nikafungua kinywa. Nikasema, barua imeandikwa vizuri.

Akaikunja akaifunga kwenye pembe ya kanga. Nikaona mkono wake wa kushoto haunyooki sawasawa kama wa kulia.

Jumatano, 20 Septemba

Nimemwambia.

Nilikwenda mwenyewe mpaka kona, kwenye moto wake, mbele ya wateja, kwa sababu dukani ningekaa upande wangu wa meza na kupata la kusema. Nilichukua gazeti na kile kipande nilichokikata. Nikamsomea kuhusu lami. Nikamsomea mistari minne, kwamba panya si binadamu, na mtu asifanye haraka kuamua kwa haya. Nikamwambia niliiona tangu siku ya kwanza. Nikamwambia barua ni yangu. Nikamwambia na ya vitumbua, ingawa hakuuliza.

Vitumbua vikaungua, wote tukaviacha.

Akaniuliza kwa sauti ndogo kama nilitaka afe. Nikasema hapana, wallahi. Nilitaka uje kukaa. Akasema, kwani ulishindwa kuniita?

Miezi minne nimewaza, na hilo halikunijia.

Mwanamke mmoja mwenye sahani akasema, huyu si daktari panya, ni panya mwenyewe. Mwingine akamwambia, usimtukane panya. Bi Mwanamize hakucheka. Akazima moto, akampa mtu chuma chake cha vitumbua amshikie, akavuka kwenda kwa Jashoda. Hakugeuka.

Alhamisi, 21 Septemba

Wamekwenda. Jashoda amemshika mkono, wamekatiza Mnazi Mmoja kwa miguu. Mimi nilikuwa nyuma yao hatua mia moja, nimebeba debe la mafuta, ili mtu akiniuliza niseme napeleka. Hakuna aliyeniuliza. Debe lilikuwa tupu.

Walipoingia lango nikasimama nje. Bawabu akataka kujua namtafuta nani. Nikasema simtafuti mtu. Akasema, basi unamtafuta kwa muda mrefu sana.

Jumamosi, 23 Septemba

Polycarp amesema walimpasua jana. Titi lote limeondolewa. Daktari alimtazama tena leo alfajiri, kisha akaenda bandarini kupanda meli yake. Amesema uvimbe ameuwahi, kwa kadiri macho yanavyoweza kuona. Kama utarudi hakuna anayejua, si yeye, si panya wa Ulaya.

Nimesikia honi ya meli. Nimesimama mlangoni mpaka ilipokwisha.

Jumamosi, 30 Septemba

Wiki nzima nimeuza vibaba viwili. Watu wanapita upande wa pili. Nimesema maneno kumi na moja leo, saba ni bei.

Mara tatu nimefika lango la hospitali saa ya kutazama wagonjwa. Mara tatu nimerudi. Bawabu sasa ananisalimu kama mfanyakazi mwenzake.

Alasiri Harshad amevuka na vikombe viwili vya chai. Hakuniuliza kama nataka. Akakaa kwenye benchi, tukanywa. Nilingoja aseme la panya. Hakusema. Ningependa aseme. Amesema Bi Mwanamize amekonda, daktari mdogo aliyebaki amemwambia ale vizuri apate nguvu, Jashoda anampelekea dengu kila siku. Zimeungwa samli. Nikauliza anazila? Akasema, bhai, analamba sahani.

Vikombe akaviacha. Nimeviosha. Nimefurahi kwamba itabidi nivirudishe.

Jumanne, 10 Oktoba

Alhamisi Bi Mwanamize anatoka hospitali! Atakaa kwa Jashoda, chumba cha ghorofani, mpaka mkono uweze kuinuka. Jashoda mwenyewe amekuja kunieleza. Amesema Bi Mwanamize ameuliza swali moja tu kuhusu mimi: yule mtu wa bahasha anakula? Jashoda akamjibu kwamba anaona moshi mdogo sana jikoni kwangu. Bi Mwanamize akasema, basi mwambie aje anisalimu, aje mikono mitupu, na asinisomee kitu.

Ameniita! Nikakaa chini. Jashoda akadhani naumwa.

Nilitakiwa kusema ahsante, basi. Najua. Ulimi ukatangulia. Nikamwambia kwamba madaktari wakubwa wa Ulaya wamegundua jambo: mtu aliyetoka kwenye kisu asikae bila mazungumzo. Kila asubuhi apate muda wa saa mbili, na mtu mzima, mwenye subira, anayejua kusoma. La sivyo jeraha linachelewa kufunga.

Jashoda akauliza gazeti gani limesema hayo. Nikasema liko melini, linakuja.

Sasa hivi naliandika. Mkono wa kulia mara hii. Daktari nimempa ndevu, miwani, na hospitali yenye madirisha mia. Ni mtu makini, hana haraka, wagonjwa wanampenda. Nimemsoma tena tangu mwanzo na naona alikosea mahali pamoja tu. Nimefuta saa mbili, nimeandika tatu.