Msimamizi wa Fisi

Chuo kikuu kilitangaza kwa furaha kubwa, kwa karatasi iliyobandikwa hadi kwenye mlango wa choo cha wageni, kuanzishwa kwa Kurugenzi ya Idhini na Maadili ya Masimulizi. Tangu muhula huo, mwanafunzi yeyote wa Kiingereza na fasihi hakuruhusiwa kurekodi hadithi, kuinukuu wala kuichekea kabla ya kila anayetajwa ndani yake kutoa idhini kwa maandishi, nakala tatu. Awe na miguu miwili, minne, au asiwe na miguu kabisa. Nyoka hawakusahauliwa, jambo linaloonyesha kwamba watu walikaa wakafikiri.

Wenye midomo walicheka. Hawakujua kwamba mwaka uliotangulia mwanafunzi mmoja alirekodi hadithi ya bibi mchawi, na ukoo mzima ukafika langoni ukidai kwamba bibi huyo ni wao. Chuo kiliomba radhi, kikawanunulia soda, kikaapa kwamba jambo hilo halitatokea tena.

Vivian Nasike hakucheka. Alikuwa mwaka wa nne, na tasnifu yake ya mwisho ilihusu hadithi ambazo wanawake wa mtaa wake wa Shauri Moyo husimuliana wakifanya kazi. Ilipaswa kuwa mezani kwa watahini Ijumaa saa sita mchana, ikiwa na muhuri wa Kurugenzi. Bila muhuri, jina lake lingetolewa kwenye orodha ya mahafali, naye angengoja mwaka mzima. Mamake alikuwa amepakia sabuni kiwandani Baba Dogo kwa miaka kumi na minne, na tayari alikuwa ameomba ruhusa ya siku moja kwa supavaiza ambaye hata kwenye matanga hutaka kwanza kuuona mwili. Majirani nao walikuwa wamemchosha binti huyo kwa swali moja: "Miaka minne unasomea Kiingereza? Kwani bado hakijaisha?" Nasike aliogopa kuwaeleza kwamba kimebaki kidogo, ila kimekwama kwa fisi.

Hadithi yenyewe ya Fisi ilikuwa fupi. Aliisimulia Mideva, fundi wa cherehani anayeshona barazani hatua chache kutoka kwa akina Nasike. Mama mmoja alikwenda matangani akamwachia Fisi mbuzi wake, kwa kuwa Fisi alikuja na barua inayosema ni mlinzi wa mifugo mwenye uzoefu. Mama aliporudi alikuta kamba tupu, na Fisi akilia kuliko mwenye mali. Sungura akamwambia Fisi aape kwamba hajui mbuzi aliko. Fisi akaapa, na kila alipoapa, kengele ya mbuzi ililia ndani ya tumbo lake.

Jumatatu Nasike alifika mbele ya Mkurugenzi, Daktari Griffins Mukhwana, mtu nadhifu aliyevaa koti hata jua likiwaka. Karani wake, Ndeti, alikaa pembeni na mashine ya kutoa nakala.

"Idhini ya msimulizi nimeiona," alisema Daktari. "Ya Sungura iko wapi?"

"Daktari, Sungura ni mnyama wa hadithi."

"Kwa hivyo hana haki?"

"Sisemi hana haki. Nasema hayuko."

"Wengi hawako ofisini na bado tunawalinda," alijibu Daktari, na Ndeti, ambaye siku hiyo alikuwa ameingia kazini saa tano, aliitikia kwa kichwa.

Kisha Daktari akainua kidole na kusoma kifungu cha tisa, ambacho alikitunga mwenyewe na kukipenda. Asiyeweza kuandika angetiliwa sahihi na msimamizi aliyethibitishwa na ofisi ya chifu. Msimamizi huyo angebeba haki zote na wajibu wote wa yule anayemsimamia, bila kubagua. Mbuzi peke yake alisamehewa, maana alihesabiwa kuwa marehemu.

Nasike alirudi mtaani. Naibu wa chifu, Bi Triza, hakushangaa hata kidogo. Huyu ni mtu aliyewahi kuandikia jogoo barua ya utambulisho, na kesi ya majirani waliokuwa wakimgombania ikaisha. Aliandika: "Nathibitisha kuwa Sungura namfahamu tangu utotoni. Hana kazi maalum. Tabia yake ni ya wastani." Akapiga muhuri, akauliza kama kuna mwingine.

Mideva alitia sahihi kwa niaba ya Sungura bila kuacha kukanyaga cherehani. "Mimi ndiye nimemlea," alisema. "Nani mwingine?" Mwenye mbuzi alisimamiwa na Ruqiyo, jirani anayeuza vitambaa bega kwa bega na Mideva. Ruqiyo aliisoma fomu mara mbili, mstari kwa mstari, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya tangu Kurugenzi ianzishwe.

"Haki zote na wajibu wote?" aliuliza.

"Ndivyo walivyoandika."

"Basi lete kalamu."

Kasheshe ilikuwa Fisi. Nasike alizunguka mtaa mzima, akavuka hadi mtaa wa Majengo, akabisha hodi kwa marafiki wa mamake kanisani. Hakuna aliyetaka. Muuza viazi alimwambia angeweka jina lake hata kwa mkopo wa mtu mwingine, lakini si hapo. Mzee Bwire, anayeziba masufuria, alisikiliza hadi mwisho kisha akauliza, "Nisaini mimi ni wa Fisi? Na binti zangu waolewe na nani?"

Jumatano alirudi na nafasi ya Fisi ikiwa tupu. Daktari Mukhwana alihuzunika kweli. Alivua miwani.

"Watu wa mitaa yenu ya Eastlands mna ubaguzi mbaya sana," alisema. "Kiumbe hana hata mmoja wa kumsemea! Basi Kurugenzi itamsemea." Akachukua kalamu yake ya wino, akaandika jina lake lote, cheo na namba ya kitambulisho. "Kuanzia dakika hii mimi ndiye msimamizi wa Fisi."

Nasike alifurahi nusura amkumbatie. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye muhuri.

"Haraka ya nini?" alisema Daktari, akauvuta muhuri upande wake. "Sasa nina mteja. Lazima nisome wanamsema vipi."

Alisoma hadi Alhamisi mchana, akairudisha tasnifu ikiwa imejaa wino mwekundu. Neno "mlafi" lilikuwa limefutwa kila mahali. Pale ambapo Fisi alimla mbuzi, palikuwa sasa pameandikwa kwamba mbuzi alipungua kutokana na changamoto za mfumo. Kengele tumboni ilifutwa kabisa kwa kukosa ushahidi wa kitaalamu.

"Badilisha hivyo, nakupigia muhuri leo leo," alisema.

"Lakini haya si maneno ya Anti Mideva."

"Ndiyo maana ni mazuri."

Nasike alitembea kutoka stendi hadi nyumbani akiwa na uchungu wa kulia. Angeweza kubadilisha. Ilikuwa kazi ya saa moja, na mamake angepata siku yake. Lakini kitu kimoja alichokuwa amefundishwa kwa miaka minne, katika Kiingereza chote kile, ni kwamba ukichukua neno la mtu ulirudishe kama ulivyopewa. Angemtazamaje Mideva usoni? Alisimama mbele ya cherehani akaeleza yote, na hapo machozi yakatoka.

Mideva aliacha kukanyaga. "Huyu daktari wenu ako sawa kweli? Mbuzi alipungua?"

"Nyamaza, mwanangu," alisema Ruqiyo, akiikunjua nakala yake ya fomu, ambayo alikuwa ameihifadhi katikati ya vitambaa vya sherehe. "Mimi ni mwenye mbuzi. Wameniandikia haki zote. Sasa huyo mtu ametia sahihi kwamba yeye ni wa Fisi?"

"Ametia."

"Na namba ya kitambulisho?"

"Ameandika."

"Wallahi, kesho nataka kuonana naye."

Kifungu cha kumi na nne kiliruhusu wasimamizi kuomba kikao. Daktari Mukhwana alikubali usiku uo huo kwa ujumbe wa simu, maana alipenda vikao kuliko mshahara. Ijumaa saa nne asubuhi ukumbi ulikuwa tayari, sambusa zimepangwa, na mwenyekiti ni Profesa Beldina, naibu makamu wa chansela. Mama huyu alikuwa amebakiza miezi miwili kustaafu, na hakuwa na hamu ya mikutano mirefu.

Daktari alifungua kwa hotuba. Alisema fisi wa Afrika wamechafuliwa jina kwa karne nyingi, na wakati wa kusikiliza upande wao umefika. Aliongea vizuri. Hata Mideva alikiri baadaye kwamba alikaribia kumhurumia mnyama.

Ruqiyo akasimama, akarekebisha mtandio wake. "Daktari, wewe ndiye Fisi?"

"Kwa mujibu wa kifungu cha tisa, ndiyo."

"Mimi kwa mujibu wa hicho hicho ni mwenye mbuzi. Nilikuachia mbuzi wangu nikaenda matangani. Yuko wapi?"

"Suala la mbuzi linashughulikiwa."

"Tangu lini?"

"Mama, kuna taratibu. Mbuzi alipokelewa katika hali ya njaa."

"Njaa ya mbuzi au yako?"

"Yetu," alisema Daktari, kisha akakohoa. "Yaani ya ofisi. Ofisi haikuwa imetengewa chakula."

Mideva akainua mkono, kwa upole, kama anayeuliza bei. "Mimi ni wa Sungura. Naomba tu aape kwamba hajui mbuzi aliko."

Daktari Mukhwana alisimama wima, akaweka mkono kifuani. "Naapa," alisema, na simu ikalia ndani ya koti lake, chini kidogo, karibu na kitovu. Ukumbi mzima ulimtazama tumbo. Alihangaika kutafuta mfuko, nayo simu ikaendelea kulia. Ndeti alimwinamia Nasike akanong'ona, "Msee ameingia box," yaani amenaswa.

"Andika," Profesa Beldina alimwambia Ndeti. "Fisi, kupitia msimamizi wake, ameshindwa kueleza mbuzi aliko. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hilo usiandike. Adai mwenye mbuzi, alipe msimamizi."

"Profesa!" Jasho lilikuwa limemtoka Daktari. "Nilipe mbuzi gani? Huyo mbuzi hajawahi kuzaliwa! Haya ni mambo ya kubuni!"

Ndeti aliinua kalamu. "Hilo niliandike, Mwenyekiti?"

Profesa alitazama saa yake. Ilikuwa saa tano na robo. "Daktari, chagua. Kama mbuzi hakuwepo, Fisi hakuwepo, Sungura hakuwepo, na fomu zako hazina wa kumlinda. Nitafunga Kurugenzi kabla ya chakula cha mchana, wewe urudi kufundisha darasa la saa moja asubuhi. Kama mbuzi alikuwepo, Kurugenzi inabaki, na mbuzi ulimla. Tuandike lipi?"

Nasike alishika mkono wa Mideva. Alijua kwamba kwa vyovyote vile Kiingereza chake kimepona, lakini alitaka kusikia. Daktari Mukhwana alitazama dirishani, kwenye jengo lililoandikwa jina la Kurugenzi yake kwa herufi za shaba. Kulikuwa na ofisi mle, kiti kinachozunguka, na karani. Mtu hujenga maisha kidogo kidogo.

"Nilimla," alisema.

"Sauti."

"Mbuzi nilimla. Peke yangu. Hadithi ni sahihi jinsi mama alivyoisimulia."

Muhuri ulipigwa saa tano na nusu, Ndeti akaipeleka tasnifu kwa watahini mbiombio. Kurugenzi ilitoa taarifa ya kumpongeza Mkurugenzi wake kwa uwazi wa kupigiwa mfano, na hadi leo inaendelea na kazi zake muhimu.

Deni nalo likalipwa, maana Ruqiyo alipiga simu kila asubuhi. Siku ya mahafali mbuzi mkubwa mweusi alishuka kwenye pikapu Shauri Moyo, kamba yake mkononi mwa Daktari Mukhwana mwenyewe, aliyekuja na hati ya makabidhiano ya nakala tatu. Abdirizak, mume wa Ruqiyo, alimchinja ili kila mtu ale bila wasiwasi. Mamake Nasike, aliyepata ruhusa yake, alivaa joho la bintiye juu ya gauni aliloshonewa na Mideva, akakataa kulivua. Alicheka na kulia kwa pamoja, akawaambia majirani kwamba Kiingereza kimeisha.

Daktari alitaka kuondoka mapema, lakini mgeni haachwi aende na njaa. Walimpa kiti cha heshima kati ya Mideva na Ruqiyo, wakamwekea nyama na ugali. Alinawa mikono, akashukuru. Ruqiyo alimkaribisha kwa tabasamu, akamsogezea chumvi, kisha akaihamisha sahani yake mwenyewe upande wa pili, mbali naye.