Chama cha Kadi za Soka, Tawi la Machakos

Jumamosi, 7 Juni 2025

Mkutano umefunguliwa saa nane kamili, chumba cha nyuma, hoteli ya Mama Peris. Waliohudhuria: mimi (mwenyekiti) na Kiema (katibu, mweka hazina na wanachama wengine wote). Mwaka wa 1999 tulikuwa thelathini na mmoja. Kila pakiti ya chingamu ilikuwa na kadi ya mchezaji ndani, na watu wazima walitafuna hadi mataya yakauma. Chingamu ile haitengenezwi tena. Wenzetu wamehamia simu, mmoja mmoja.

Mengineyo: Kiema anahama! Binti yake Kamanthe amempatia chumba kwake Syokimau. Amesema baba hawezi kuendelea kuishi peke yake kwa chai na mkate. Ataondoka tarehe ishirini. Nikamwuliza chama kitakuwaje. Akasema, "Mwanzia, chama ni sisi wawili." Nikamwambia aliandike hilo kwenye kumbukumbu. Akaliandika.

Lazima abaki. Sina mtu mwingine wa Jumamosi.

Jumatatu, 9 Juni

Mpango wa kwanza: wanachama wapya. Kiema akiona chumba kimejaa, hataondoka.

Nimevaa koti, nikachukua bahasha ya kadi zangu za ziada, nikazunguka sokoni. Hakuna aliyengoja niifungue. Wameona mzee mwenye koti na bahasha anakuja akitabasamu, wakajua ni harambee. Mwuza viatu aliinama nyuma ya meza yake, niliona kisigino. Watu kumi na mmoja wamesema mwezi huu hawako vizuri. Mmoja aliuliza mazishi ni lini.

Nimekutana na Kimotho, mwanachama wetu wa zamani. Mwaka wa 2009 alichukua seti yake nzima akaiweka chini ya mguu wa kabati lililokuwa likiyumba. Nimejishusha, nikamwomba arudi. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Mwenyekiti, huyo mchezaji wako amesimama tu tangu nimjue. Wangu kwa simu anakimbia." Nikamwambia ile ni picha. Akasema kabati halijayumba tena, na kama chama kinataka kumpa shukrani anapatikana.

Jumanne, 10 Juni

Mpango wa pili. Bora zaidi. Nitampa Kiema zawadi ambayo mtu hawezi kuipokea kisha akaondoka.

Albamu yake imechakaa. Kurasa zimelegea, kadi zimekunjika pembe. Ana kadi 212, na alianza kuzikusanya akiwa mwalimu kule Mwala. Nimemwendea nyumbani nikasema nataka kuhakiki namba kabla hajahama. Uongo, lakini wa kikatiba.

Alisita. Akamtoa kipa mmoja, akamnusa, kama afanyavyo kila mara. Hudai harufu ya chingamu bado ipo. Miaka yote hii mimi sijaisikia. Kisha akanikabidhi albamu kwa mikono miwili na kuniambia nizishike kadi kwa pembeni. Kama kwamba mimi ni mgeni!

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi nzima nimekuwa kwa Kavata, mwenye saiba, duka la kompyuta na mashine za kuchapisha, karibu na stendi. Kavata ndiye hutia laminesheni vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule na picha za marehemu. Mji huu hauna kitu cha thamani kisichopitia kwenye mashine yake. Cheti changu cha ubatizo kimo ndani ya plastiki tangu 1994 na hakijapata hata doa.

Nimempa kadi zote. Ameniuliza mara mbili kama nina uhakika, maana plastiki ikishashika haitoki. Nikamwambia hilo ndilo lililonileta.

Kazi imechukua saa tatu na dakika kumi. Mchezaji kiungo mmoja, kadi namba 87, alimezwa na mashine akatoka amekunjwa kama chapati. Nitasema nilimkuta hivyo. Wengine 211 wamekuwa wagumu, wanang'aa, na ukiwadondosha mezani wanalia kama sahani. Hawaingii tena kwenye albamu. Nimewatia kwenye katoni ya sabuni.

Nimelala vizuri sana mchana huu.

Jumamosi, 14 Juni

Saa nane. Nimeweka katoni mezani, nikatoa hotuba fupi (dakika nne).

Kiema amefungua. Amemchukua kipa wake, akamgeuza, akampeleka puani. Akakaa hivyo. Akajaribu tena kwenye ukingo, pale plastiki mbili zinapokutana. Nikamwuliza kama hazing'ai. Akasema zinang'aa. Nikamwambia hata chai ikimwagika sasa haiwezi kuzigusa. Akasema ni kweli.

Mama Peris ameleta chai, akatazama ndani ya katoni, akamtazama Kiema. "Pole, mwalimu." Pole ya nini? Nikamweleza kwamba ni zawadi. Akaniita mtu wa ajabu, kisha akaongeza maneno ya Kikamba ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Kiema hakuandika kumbukumbu. Ameomba ruhusa ya kuondoka saa tisa kasorobo. Ajenda tatu hazikuguswa. Katoni ameiacha. Labda ni nzito kwake.

Ijumaa, 20 Juni

Nimepeleka katoni saa moja asubuhi. Kamanthe alikuwa akifunga godoro kwenye pikapu. Nikaiweka miguuni pa Kiema.

Alinishika mkono na hakuuachia. Akasema kwa miaka kama kumi hivi si kadi zilizokuwa zikimleta chamani. Katibu wangu! Nikamwuliza ni nini basi kilichokuwa kikimleta.

"Aii, Mwanzia."

Ilibidi nimkumbushe kwamba mwanachama asiyevutiwa na kadi hujiuzulu kwa barua. Kamanthe akageuka, akaanza kukaza kamba ambayo tayari ilikuwa imekazwa.

Waliondoka saa mbili na dakika tano. Katoni walikwenda nayo. Nimerudi kwa miguu. Baridi kali. Njiani hakuna aliyenisimamisha.

Jumamosi, 28 Juni

Mkutano umefunguliwa saa nane kamili. Mama Peris ameuliza kama alete chai mbili. Nimesema mbili.

Saa nane na dakika ishirini Kiema amepiga simu. Ghorofa nzima hamjui mtu. Kamanthe hurudi jioni. Ana kibaraza chenye viti viwili na ananiomba niwe nikienda kila Jumamosi. "Kuja tu, hata bila kadi." Sauti yake ilikuwa ya chini.

Nimelifikiria jambo hilo kwa uzito unaostahili. Nimemjibu kwamba Jumamosi saa nane mwenyekiti huwa mkutanoni. Akauliza kuna nani mkutanoni. Nikamwambia kwa sasa ni mimi. Kisha akauliza, na Jumapili? Nikamweleza kwamba Jumapili huandaa ajenda.

Nimekunywa chai zote mbili. Kumbukumbu nimeandika mwenyewe. Waliohudhuria: mmoja. Kiema: hakufika, bila udhuru. Nimemwandikia barua ya onyo, kwa lugha ya upole. Akikosa mara mbili zaidi nitalazimika kumfukuza.