Skrini Kubwa Kuliko ya Bare

Jumanne, 1 Agosti 1995

Kuanzia leo Garissa ina mtu mmoja wa maana, na mtu huyo ni mimi, Awil wa Galbet. DC ana bendera kwenye gari, sawa. Mashine ya sinema hana! Mimi ninayo. Nimeitoa kwenye mnada wa shirika la msaada lililofunga ofisi. Mnadi aliuliza nani anaitaka, watu wote wakatazama viatu vyao. Hakuna aliyethubutu kushindana nami.

Imekuja na filamu moja: namna ya kuogesha mbuzi ili wasipate kupe. Inasisimua sana. Kupe wanakufa mwishoni.

Sasa jirani yangu Bare akome. Tangu aweke televisheni na video kwenye hoteli yake ya chai, wanaume waliokuwa wakikaa barazani kwangu kila jioni wamehamia kwake. Wote! Hata Jelle, aliyekuwa na kikombe chake humu ndani. Televisheni yenyewe ndogo kama debe la samli. Mimi nitajenga skrini ya ukubwa wa ukuta. Watarudi, wallahi, tena mbio.

Mke wangu Sirad yuko Banissa kwa binti yetu Idman aliyejifungua. Alisema atakaa mpaka arubaini ya mtoto ipite. Mtoto sasa anatambaa.

Nimepika chai ya birika kubwa, kwa mazoea. Nimeinywa yote peke yangu. Tumbo zito kama kiriba.

Alhamisi, 3 Agosti

Skrini ya kwanza imekamilika. Kazi ya fundi! Nimeshona magunia ya unga wa msaada kwa sindano ya magunia, nikayapaka chokaa, nikayawamba kwenye fito. Nilipowasha mashine, chokaa ikabanduka kama ngozi ya mtu aliyeugua surua, maandishi ya magunia yakatokea. Sasa kila mbuzi ana neno "HAIUZWI" kwenye paji la uso. Daktari wa mifugo pia.

Bare alichungulia juu ya ua. Akaniuliza, adeer, yaani ami, hao mbuzi ni wa serikali? Kule kwake wakacheka. Nilimsikia Jelle. Ana kicheko cha kupaliwa, humchanganyi na mwingine.

Simba hajibu bweha. Isitoshe, nilikuwa na misumari mdomoni.

Ijumaa, 4 Agosti

Baada ya sala nimekwenda kwa Nurto, mwenye duka la vitambaa. Siri lazima, maana Nurto akijua jambo, Balambala nako wanajua kabla ya alasiri. Kwa hiyo nikaongea kidogo, kwa sauti ya chini. Nikaomba kitambaa cheupe cha pamba, kisicho na ua wala pindo. Akauliza urefu. Nikasema kizidi urefu wa mtu, na kibaki cha kufungia juu na chini.

Akaweka mkasi chini. Kisha akauliza polepole, mwanamume au mwanamke?

Swali la akili! Nikamwambia wanaume kwanza, wanawake zamu yao itafika, haikwepeki.

Machozi yakamlengalenga. Akakata bila hata kupatana bei, akakataa malipo, akasema hii ni sadaka yake. Unaona? Mtu mkubwa hajitangazi. Anajulikana tu.

Jumamosi, 5 Agosti

Sijawahi kuona ajabu kama hii. Asubuhi nimefungua mlango, ua umejaa watu! Jelle mbele, na jembe begani. Nikajua habari ya sinema imevuja. Nikawakaribisha, nikasema msiwe na haraka, mambo yenyewe ni jioni, giza likiingia.

Jelle akasema si vizuri kungoja giza, joto hili litaleta harufu. Nikamwambia mashine yangu hainuki. Wakatazamana. Akasema wao wako tayari kuchimba. Nikashukuru sana, nikamwonyesha mahali pa nguzo mbili, pale karibu na jiko.

Mzee mmoja akasema inna lillahi, huzuni imempanda kichwani.

Hapo Muslimo, jirani wa upande wa pili, akaingia na sukari na wanawake wengine nyuma yake, wakilia. Nikaelewa. Nurto! Kitambaa changu amekikata kama sanda!

Nilitaka kusema kweli. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Lakini nikamwona Bare. Amefunga video kwa heshima ya msiba wangu, amekunja mikono ya shati, anaosha vikombe vyangu. Na Jelle amekaa pale pale alipokuwa akikaa zamani, akaniuliza kwa upole, ndugu yangu, ni nani tuliyempoteza?

Nikasema Abdisalam. Binamu yangu wa Balambala. Wameshamzika huko huko. Sanda niliichukua kumpelekea, nikachelewa.

Sijui jina lilitoka wapi. Lilikuwa karibu.

Jumapili, 6 Agosti

Watu zaidi ya jana! Mbuzi amechinjwa, wa kweli huyu. Muslimo analeta mikate ya anjera asubuhi na jioni. Nimewasimulia jinsi mimi na marehemu tulivyomfukuza simba kwa kandambili moja, yeye ameshika mkia, mimi nikimkaripia. Jelle alilia. Bare mwenyewe alinimiminia chai, akasema, Adeer Awil, tulikutupa. Nikamwambia hapana, mlikuwa na shughuli.

Vikombe havikutosha. Mwenyezi Mungu anisamehe, msiba umenikaa vizuri.

Jumatatu, 7 Agosti

Abdisalam amekuja.

Alishuka kwenye lori la makaa, vumbi mpaka kwenye kope. Alisikia kuna kifo kwa binamu yake, hakungoja kusikia zaidi. Akaingia analia, akaketi katikati ya watu, akamwombea marehemu dua ndefu, nzuri, ua mzima ukaitikia amina. Kisha akapangusa macho, akaniuliza ni nani aliyefariki.

Jelle, anayemjua, alimwaga chai kwenye mapaja yake. Bare ndiye aliyepata sauti. Waryaa, akasema, marehemu amekuja kula nyama ya msiba wake!

Nikajaribu kuokoa mkutano. Nikasimama, nikasema jamani, maadamu mmekusanyika, kaeni, kuna sinema. Nikavuta kamba, kitambaa nilichokitundika usiku kikakunjuka, cheupe pee. Nilidhani watapiga makofi. Mzee akashika fimbo yake. Akauliza, astaghfirullah, unataka tutazame mbuzi kwenye sanda ya huyu aliyekaa hapa? Walitoka kwa mlango mmoja wote, wengine wakiacha viatu. Nurto alirudi baadaye kudai bei ya kitambaa chake. Alisema sadaka ni ya maiti.

Abdisalam alibaki mwisho. Nilifikiri atalala. Akasema anarudi Balambala kabla watoto wake hawajasikia. Akaondoka na paja la mbuzi.

Jumanne, 8 Agosti

Nimetazama filamu. Picha safi sana! Mbuzi wakubwa kama ngamia, unahesabu hata kupe. Nilimweleza Jelle pale daktari anapochanganya dawa, ndipo nikakumbuka hayupo. Wako kwa Bare, wanacheka.

Nimefikiri kwa makini, nimeona kosa lilikuwa wapi. Kosa ni Abdisalam, anaishi karibu mno. Nina jamaa wengine huko Mandera, lori halifiki upesi. Kesho nitaenda upande wa pili wa soko, kwenye duka wasikonijua vizuri. Nitaomba kitambaa cheupe, chini chini, na nikikaribishwa kiti nitakataa, kama mfiwa.

Ila humu hasomi mtu, basi niandike. Kitambaa nilicho nacho hakijachanika popote. Sihitaji kingine.